Nina mgahawa Bahi na nimechaguliwa kamati ya chakula shuleni, mgahawa umeanza kuyumba: naombeni ushauri

Kijana wa Bahi

Mbukwenyi wadau. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina mgahawa mdogo hapa Bahi, upande wa barabara ya kwenda Manyoni. Mpishi ni shangazi yangu, na mabinti wawili wanahudumia. Tunapika wali wa hapahapa, maharage, ugali wa sembe, wa uwele kwa wanaouagiza, mlenda, na samaki wakipatikana. Wateja wangu ni mafundi, walimu, watumishi wa halmashauri na wasafiri wanaoshuka kula haraka. Sijatajirika, lakini kodi ya fremu inalipwa kwa wakati na mdogo wangu anasoma.

Mwaka huu kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya msingi nilichaguliwa kuingia kamati ya chakula. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja tu, kwamba nina mgahawa, kwa hiyo mambo ya chakula nayajua. Nilikubali kwa moyo mmoja. Pale shuleni kuna watoto wanaotoka vitongoji vya mbali, wanafika asubuhi wamekunywa maji tu, na ikigonga saa sita wanalalia madawati. Nimesoma shule hiyohiyo na njaa ile naijua.

Tangu hapo vikao vyote vinafanyikia kwangu. Chai inanywewa, chapati zinaliwa, na hakuna anayeuliza bei. Chakula cha shule kikipungua simu inapigwa kwangu. Juzi gunia zima la mchele limetoka stoo yangu kwenda shule kwa ahadi kwamba wazazi wakichanga litarudi. Mpaka leo kimya. Shangazi ameniambia waziwazi kwamba likitoka la pili anafungasha anarudi kwake.

Kuwaacha wale watoto siwezi. Na mgahawa ukifa sina kazi nyingine. Wenye migahawa ambao pia mnajitolea kwenye jamii, mnayabebaje haya mawili?

Mfanyabiashara wa Majengo

Mdogo wangu, andika barua ya kujiuzulu kesho asubuhi.

Biashara ya chakula faida yake ni nyembamba mno. Sahani ya 2,000 ukitoa unga, mboga, mafuta, mkaa, maji, kodi na mshahara wa mabinti, ukibaki na 300 umshukuru Mungu. Sasa piga hesabu gunia la mchele ni sahani ngapi za namna hiyo mpaka fedha yako irudi. Shule ina serikali na ina wazazi. Wewe wasaidie siku ukiwa na ziada. Nimeona watu wazuri hapa Dodoma mjini wakifunga biashara kwa sababu hawakuweza kusema hapana, na siku walipofunga hakuna aliyewachangia.

Mama wa Kibaigwa

Marahaba mwanangu wa Bahi. Na wewe mdogo wangu wa Majengo, hesabu yako ya sahani ni ya kweli kabisa na nitaitumia hapa chini, ila kwenye kujiuzulu sikubaliani nawe hata kidogo.

Mimi nina mgahawa Kibaigwa, jirani na soko la mahindi. Nilianza nikiwa na mwanangu wa kwanza mgongoni, na leo huyo mwana yuko chuoni. Moto nauwasha saa kumi alfajiri. Wa kwanza ni madereva waliolala na malori yao, hao ni supu na chapati. Ikifika saa nne wanakuja wapakiaji wa sokoni kwa mpigo mmoja. Hao wali hawautaki, wanataka ugali mkubwa, maharage na kipande cha nyama, na wanautaka papo hapo, kwa sababu lori likiondoka bila wao siku imeharibika. Mchana ni mchanganyiko: wakulima walioleta mzigo, madalali, na akina mama wa Kigogo ambao wakikosa mlenda wa kukausha uliochanganywa na karanga hawakai, wanageuka mlangoni. Kwa hiyo mlenda haukosi kwangu mwaka mzima.

Na mimi pia niko kamati ya shule, upande wa chakula. Nimekaa humo chini ya walimu wakuu tofauti. Mgahawa haujafa na watoto wanakula. Nitakwambia namna ninavyofanya.

Kwanza elewa mwaka wetu wa Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba, ikichelewa Januari, inaisha Aprili. Mahindi yanakauka, yanavunwa, na kuanzia mwezi wa 6 hapa sokoni kunajaa mzigo wa Kongwa na wa Kiteto, sufuria zangu hazipoi mpaka mwezi wa 9. Halafu kuna Januari mpaka Machi. Soko limelala, watu wako mashambani wanapalilia, mfukoni hamna kitu, na mteja anayekuja ni wa "niandike mama". Sasa angalia: ni miezi hiyohiyo ambayo stoo ya shule inabaki na mavumbi, maana ghala la mzazi nalo limeisha. Shule na mgahawa vinashikwa na njaa kwa wakati mmoja. Hapo ndipo migahawa ya watu wenye huruma inapofia. Unaombwa zaidi katika wakati uleule ambao wewe mwenyewe huna. Kama gunia lako la mchele limetoka miezi hiyo, ndiyo sababu shangazi yako amekasirika, na ana haki.

Waliokuchagua walisema unajua mambo ya chakula. Basi wape hicho walichokuchagulia. Ujuzi wako wa jikoni wape wote, mpaka wa mwisho. Mchele wako usiwape.

Ninasema hivi kwa sababu kwenye kamati yenu nina hakika kuna mwalimu, kuna mwenyekiti wa kitongoji, kuna mzee wa heshima, na hakuna hata mmoja anayeweza kukwambia watoto mia wanakula kilo ngapi. Wewe unaweza. Mimi nilipoingia nilikuta kila mwaka wanatangaza "kila mzazi alete debe", na debe hilo hakuna aliyejua limetoka kwenye hesabu gani. Nikaomba ubao. Makande ya watoto 100 kwa siku moja yanataka mahindi kilo 12 na maharage kilo 4, na mafuta nusu lita. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Kwa hiyo mtoto mmoja kwa mwaka anakula mahindi kilo 23 na kidogo, yaani debe moja na theluthi, na maharage kilo 8 hivi. Shule ya watoto 500 inataka gunia 116 za mahindi na gunia 39 za maharage, gunia la kilo mia. Nilipomaliza kuandika, wazazi walitazama ubao muda mrefu. Wakaelewa kwa nini debe lao lilikuwa linaisha mwezi wa 10, tena hapo hatujagusa walioahidi wasilete. Mchango ukapandishwa na wazazi wenyewe, kwa kunyoosha mikono.

Hesabu ile kwa mtu wa mgahawa ni ya kila siku. Inakugharimu chaki tu, na inalisha watoto kwa siku nyingi kuliko gunia lako.

La pili, wakati wa kukusanya. Mkikusanya Januari mnakusanya ahadi. Kusanyeni mwezi wa 7, mzazi akiwa bado anapepeta. Kwenu Bahi mna mpunga pia, basi mpangieni mwenye mpunga alete mpunga, na mwenye uwele alete uwele. Uwele na mtama vinavumilia ukame wetu kuliko mahindi, na uji wa uwele mtoto akinywa saa nne anakaa nao mpaka mchana.

La tatu, mapokezi. Hapa ndipo jicho la mpishi linapotakiwa kuliko la mtu yeyote. Siku ya kupokea mimi nakaa mlangoni mwa stoo. Gunia likifika, silipimi kwanza. Nafungua, naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu juu watu huweka mazuri. Natoa kiganja cha katikati, nakinusa, nakimwaga kwenye ungo. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizotobolewa, zilizosinyaa, nazitenga mbele ya aliyeleta, kwa heshima, bila kumwaibisha. Kisha nina chupa ya kioo iliyo kavu: naweka mahindi mpaka theluthi, natia kijiko cha chumvi kavu, nafunga, natikisa vizuri, naiweka chini robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, mwenyewe anarudi nayo kuyaanika. Ikibaki chini inatiririka, tunapima na kuandika. Wengine walinuna mwanzoni. Sasa wanakuja na chupa zao.

Sikufanya hivyo kwa ukali. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na jirani zetu Manyara watu walikula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Walioripotiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Mtu aliyekuwepo mwaka ule hapokei mahindi mabichi kwa kuoneana haya, tena ya watoto wa wenzake.

Chai ya vikao: kikao cha shule kikae shuleni. Darasa lipo. Ulipoanza kuwakaribisha ulifanya ukarimu, lakini sasa watu wamezoea, na dawa yake ni kubadilisha mahali. Usitangaze kwamba chai imefutwa. Mwambie mwalimu mkuu kwamba ungependa kamati ikae karibu na stoo ili muwe mnaiona. Mkikaa pale, mtaiona kweli.

Na mkono wako usiwe mtupu. Mimi mgahawa wangu unatoa chumvi na mafuta ya shule kila mwezi, kiasi kilekile, soko likijaa au likilala. Kimeandikwa kwenye daftari la mgahawa kama ninavyoandika mkaa na umeme. Nilikipima kwa mwezi wa 2, mwezi wangu mbaya kuliko yote, nikajiuliza naweza kutoa nini mwezi huo bila kumkopa mtu. Hicho ndicho natoa hata mwezi wa 8 ninapouza sana. Watu wa kamati wanajua mafuta yapo tarehe moja, hawanipigii simu usiku. Wakitaka zaidi ya hapo jibu langu ni moja: la mgahawa limeshatoka, sasa tuangalie la wazazi.

Mgahawa unaweza kusaidia kwa njia nyingine zisizogusa sufuria. Watu wa Damu Salama wakija Kibaigwa kukusanya damu ya hospitali, mabenchi yangu yanakwenda kwao na tangazo linabandikwa mlangoni kwangu wiki nzima kabla. Madereva wanasoma wakisubiri supu. Nawaeleza mwenyewe: umri kuanzia 18, uzito usiopungua kilo 50, mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mdogo wangu alivuja damu nyingi alipojifungua, na chupa alizowekewa zilitoka kwa watu asiowajua. Hilo sihitaji mtu wa kunikumbusha.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Majengo, akijiuzulu huyu kijana, shule inabaki na kamati isiyojua kilo. Abaki.

Bwana Afya Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya ya mazingira kwenye halmashauri za mkoa huu mpaka nikastaafu, na nimefurahi kusoma maelezo ya mama wa Kibaigwa. Naomba niongeze kwenye sumukuvu, kwa sababu watu wengi wanaifahamu nusu.

Ile chupa ya chumvi inapima ukavu peke yake. Chumvi isiponata, mahindi yako chini ya asilimia 15 za unyevu. Hiyo ni hatua nzuri, lakini kwa kuhifadhi miezi mingi tunataka asilimia 13.5 kushuka chini. Kwa hiyo yakishafaulu chupa, yaanikeni tena jua moja au mawili, juu ya turubai, kamwe yasigusane na udongo. Kuvu anayetengeneza sumu hiyo anaishi kwenye udongo, na tunambebea mahindi wenyewe tunapoyaanika chini au kuyapigia chini.

Jambo la pili ambalo ni gumu kulikubali: kupika hakuondoi sumukuvu. Yachemshe makande tangu asubuhi mpaka jioni, sumu inabaki kwa kiasi kikubwa. Na haionekani kwa macho wala haina ladha ya kukuonya. Kinachosaidia ni kuchambua kabla ya kupika, kama mama anavyofanya kwenye ungo, maana punje mbovu chache ndizo zinazobeba sumu nyingi. Kukoboa nako kunapunguza, kwa kuwa sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini. Najua dona lina virutubisho zaidi, nami nalipenda, lakini kama hamna uhakika na mahindi yenyewe, koboeni. Karanga zichambueni kwa makini uleule. Zile zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, kuku wasipewe pia.

Ini la mtoto ndilo linaloumia. Kula sumu hiyo kidogo kidogo kwa muda mrefu kunahusishwa na saratani ya ini, na watafiti wanakuhusisha pia na udumavu. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa anashiba kila siku na bado anaumizwa na kile anachoshiba.

Kwa stoo tafuteni ile mifuko ya kinga njaa, wengine wanaiita PICS. Nje ni kiroba cha kawaida, ndani kuna mifuko miwili ya nailoni, kila mmoja unafungwa peke yake. Hewa ikiisha ndani wadudu wanakufa bila dawa yoyote. Lakini mahindi yawe makavu kwanza, yakiwa na maji mtafungia ukungu humo humo. Magunia yapangwe juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Na wapishi wa shule wapimwe afya kila miezi 6 kama wanavyopimwa mabinti wako wa mgahawani. Sahani za watoto hazina sheria nyepesi kuliko za wateja.

Binti wa Manyoni

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Mama wa Kibaigwa shikamoo. Naomba kuuliza, huku kwetu tatizo letu ni familia ambazo hazitoi kabisa. Wengine wanaweza na hawataki, wengine hawana kweli. Shule moja nilisikia mtoto ambaye mzazi hajatoa anakaa pembeni wakati wenzake wanakula. Roho iliniuma. Nyie mnafanyaje?

Mama wa Kibaigwa

Marahaba binti yangu. Hapo umegusa pagumu.

Kwetu mtoto anakula. Tulianza na hilo kabla ya kitu kingine, na liko kwenye daftari la mihtasari. Madai ni ya mzazi, mtoto hana deni. Serikali nayo ilishakataza mtoto kuzuiwa masomo kwa ajili ya michango, tangu elimu bila ada ilipoanza 2016. Mtoto aliyekaa pembeni akiwatazama wenzake wakitafuna, hata akibaki darasani hasomi kitu.

Baada ya hapo tunamfuata mzazi. Orodha anayo balozi wa eneo, anajua nani ana ng'ombe zizini na anasema hana debe, na anajua nani mvua ilimkimbia. Mwenye nacho anaitwa na wazee, sisi wa kamati hatuendi kugombana naye. Asiye nacho tunampa kazi. Kuna kuchota maji, kuna kuchambua maharage, kuna kuosha sufuria zile kubwa ambazo mpishi mmoja hazimudu, kuna kufyatua tofali za jiko. Kazi yake inaandikwa kwenye daftari lilelile wanaloandikwa wenye magunia, mstari mmoja na wenzake, bila ukurasa wa maskini. Kuna bibi mmoja analea wajukuu, hana shamba la maana. Yeye kila Jumatatu anakuja kuchambua mahindi. Anachambua kuliko mimi. Punje iliyotobolewa haimpiti, na akisema gunia hili si zuri hatubishani naye.

Kuni ndiyo habari nyingine inayotusumbua. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono, nimepikia moshi miaka mingi na macho yangu yanajua. Mgahawani wali na chai nimeshahamishia kwenye gesi. Lakini makande ya watoto mia tano kwa gesi ni fedha nyingi, na shule nyingi za vijijini zinahitaji msaada wa kuhama. Wakati tunasubiri, tunaloweka mahindi na maharage usiku kucha, na sufuria inafunikwa na kuwekewa uzito juu. Kuni zimepungua sana kwa hayo mawili tu.

Kijana wa Bahi

Mama yangu, na mzee wangu bwana afya, sina cha kuwalipa. Nimemsomea shangazi maandishi yote jikoni. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema huyo mama wa Kibaigwa aje Bahi atapikiwa kuku.

Kaka wa Majengo, nimekuelewa pia, hesabu yako ya 300 nimeiandika ukutani.

Nina maswali mawili yamebaki. La kwanza ni lile gunia la mchele. Nilidai au nilisamehe? Nikilidai naogopa wataniona nina roho mbaya. La pili, mimi ni kijana, kwenye kamati kuna wazee. Nikisimama na chaki mbele yao nianze kuwapigia hesabu za kilo, hawataona nimewadharau?

Mfanyabiashara wa Majengo

Nimesoma yote. Kwenye kujiuzulu nimelegea, nakubali. Kwenye gunia silegei. Lidai.

Mama wa Kibaigwa

Mwambie shangazi kuku nimempokea kwa mikono miwili, na mimi nitakuja na karanga za Kongwa.

Gunia lidai, lakini usilidai kwa mdomo barabarani. Liingize kwenye daftari la stoo ya shule kama mkopo: tarehe, kilo, na sahihi ya aliyelipokea. Kama aliyelipokea ni mwalimu wa stoo, nenda kwake kwa utulivu, mwambie unaomba liandikwe kwa sababu kumbukumbu za chakula cha watoto lazima zikamilike, na hakuna atakayekataa. Kisha liende kwenye kikao kama hoja ya stoo, likae humo na madeni mengine ya shule. Wakivuna mpunga litalipwa kwa mpunga, na ukikoboa unapata mchele wako. Ukilisamehe leo, umewafundisha kwamba stoo yako ni ya shule, na Januari watakuja tena bila hata kuomba. Roho mbaya haipo hapo. Mtu mwenye roho mbaya asingeulizwa mambo ya watoto.

Kuhusu wazee. Usisimame na chaki siku ya kikao. Wiki moja kabla nenda kwa mmoja wao, yule anayesikilizwa kuliko wengine, nyumbani kwake, jioni, akiwa ametulia. Msalimie, kaa chini, mwambie: mzee, nimepewa kazi hii nami sijui mengi, nimejaribu kupiga hesabu ya chakula, naomba unisaidie kuiangalia. Mweleze kwa debe na kisado, kilo achana nazo, debe analijua kuliko wewe. Atakusahihisha mahali, maana wazee wanajua shamba la nani linatoa nini na mwaka gani mvua ilikata mapema. Yapokee masahihisho yake, uyaandike. Siku ya kikao mwombe yeye afungue mazungumzo, halafu akuite wewe uandike ubaoni.

Mimi nilifanya hivyo kwa mzee mmoja wa hapa, mfugaji, ambaye mwanzoni alisema wazi kwamba mambo ya sufuria si ya mkutano wa wanaume. Nilimpelekea hesabu yangu. Alikaa nayo, akaniuliza maswali mengi kuliko afisa yeyote, akataka kujua kama nimehesabu na wanaoanza darasa la kwanza mwakani. Nilikuwa nimewahesabu. Mwaka ule yeye ndiye aliyetoa gunia la kwanza, akalileta mwenyewe na punda, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Kikao chenu kijacho ni lini? Ukishajua tarehe niambie idadi ya watoto na kama wanapikiwa makande au uji na ugali, nitakupigia hesabu ya debe kwa kila kaya uwe nayo mkononi unapokwenda kwa mzee.

Kijana wa Bahi

Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, mama. Watoto ni 430, uji saa nne na makande mchana. Kwa mzee naenda kesho jioni.